Kifuniko Kimoja

Bibi harusi alikuwa hajawahi kufokewa katika nyumba ile, na jambo hilo lilimnyima raha.

Wengine wote walifokewa. Mama mkwe alikuwa na ulimi ambao haukuwa na siku ya mapumziko. Mumewe, aliyestaafu baada ya kusoma mita za maji mlango kwa mlango tangu ujana wake, alimwita Mita, na alimfokea kwa ajili ya viatu kizingitini, gazeti mezani na kupiga chafya bila kuziba mdomo. Mwanawe, fundi friji, alimwita Barafu, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ukimtuma kitu anaganda palepale alipo. Binti yake aliyeolewa mji mwingine alikuwa Redio, na aliyemsikia dakika moja tu hakuuliza kwa nini. Ila mke wa Barafu, aliyeingia humo ndani zaidi ya mwaka sasa, aliendelea kuitwa bibi harusi, kana kwamba keki ilikuwa bado haijakatwa. Akiunguza chakula, mama mkwe alisema, "Si kitu, mama. Usijali." Akivunja sahani: "Si kitu, mama, sahani ni sahani." Barafu angeivunja sahani hiyohiyo, angeisikia wiki nzima.

"Mwenzetu una bahati," walimwambia wenzake wa dukani, alikofanya kazi ya kushona mapazia. "Sisi mama wakwe zetu wanatumeza wazima wazima."

Alicheka nao, lakini hakuona bahati yoyote. Asiyesemwa ni mgeni. Mgeni akimwaga chai unamwambia haidhuru, halafu akiondoka unachukua kitambaa unafuta. Hakutaka kufutiwa chai maisha yake yote.

Kwa hiyo Redio alipojifungua na mama mkwe akafunga safari kwenda kumwangalia mzazi, halafu akasimama mlangoni na begi lake, teksi ikipiga honi huko chini, na kuita, "Bibi harusi, samahani mama, njoo nikuombe kitu," bibi harusi aliacha pasi ikiwaka na kuja mbio.

Alikabidhiwa tangi la samaki.

Hilo halikuwa jambo dogo. Tangi lilikaa kwenye kona ya sebule, karibu na dirisha lililotazama ukuta wa jirani, mahali ambapo jua halikufika hata likibembelezwa. Taa yake ilikuwa dhaifu, ya kukuwezesha kusoma jina kwenye bahasha lakini si barua yenyewe. Hata hivyo, ndani yake kulikuwa na kijani cha kumfanya mtu asahau alichokuja kuchukua. Kulikuwa na majani mapana, magumu, yaliyofungwa kwa uzi kwenye kipande cha gogo. Nyuma yake ulisimama mmea mrefu mwembamba, uliotoka kwenye changarawe ukapanda mpaka juu ya maji na kujilaza huko. Mama mkwe aliuita Utepe. Samaki wadogo wa mikia myekundu walipita katikati yake, na kwenye kioo alitambaa kambare mdogo mwenye pezi lililochanika, akilamba na kukagua kila pembe. Huyo aliitwa Bwana Afya. Hata kambare ana jina humu ndani, bibi harusi aliwahi kuwaza.

"Chupa ni mbili," mama mkwe alisema, kwa sauti ile laini aliyomwekea yeye peke yake. "Hii ya lebo nyeupe ni kaboni ya maji, ndiyo inayoipa mimea pumzi. Hii ya lebo nyekundu ni mbolea. Kaboni, kifuniko kimoja kila asubuhi. Mbolea, kifuniko kimoja Jumatatu. Basi. Kwenye giza hili mimea haili sana. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa, mama."

Angekuwa Barafu, angerudishiwa maneno hayo mpaka ayaimbe. Angekokotwa hadi jikoni kuonyeshwa, angeulizwa, na akikosea angeitwa gunia. Lakini bibi harusi haulizwi namna hiyo. Naye bibi harusi alikuwa na swali, kwamba kifuniko kiwe kimejaa au nusu, lakini alimwonea haya mtu anayesubiriwa na teksi. Wakaagana kwa heshima tele, na heshima hiyo ndiyo iliyokuja kuwaponza samaki.

*

Siku za kwanza zilikuwa za furaha. Bibi harusi aliamka kabla ya wote, akafungua chupa ya lebo nyeupe, akajaza kifuniko chake mpaka ukingoni bila kumwaga hata tone, akamimina polepole karibu na pampu. Kisha alikaa kidogo kwenye kiti cha mama mkwe na kumtazama Bwana Afya akianza kazi. Alipenda ile saa. Ilikuwa kama kushikilia ufunguo wa nyumba.

Mita naye alikuwa na furaha yake. Mke hayupo, hakuna wa kumsimamia, akajikuta ana hamu ya kusafisha. Alipangusa rafu, akatoa magazeti ya zamani, akafagia dirisha la jikoni na kutupa vikorokoro vyote vilivyokaa pale: sifongo zilizochakaa, viberiti vitupu, vifuniko vya chupa visivyo na chupa. "Mama yenu akirudi ataona maajabu," alijisifu.

Maajabu yalianzia kwenye tangi. Kwanza maji yalipata weupe, kama maji yaliyosuuzia mchele. Kisha Utepe ukaanza kubadilika. Majani yake yakawa yanapitisha mwanga, yakalegea, yakakatika vipandevipande vinavyoteleza ukivigusa. Bibi harusi alidhani mmea una njaa, akawa mwangalifu zaidi kukijaza kifuniko. Siku iliyofuata aliwakuta samaki wote wamepanda juu, midomo imetokeza, wakihema. Mmoja alikuwa amelala ubavu kwenye changarawe na hakuamka tena.

Jioni mama mkwe alipiga simu kama kawaida. "Samaki hawajambo, mama?"

"Hawajambo," alijibu bibi harusi, macho yakiwa kwenye midomo ile.

"Asante sana, mama. Mungu akubariki." Kisha sauti ikageuka ghafla kuelekea upande wa pili: "Redio! Mtoto anashikwa kichwa, hashikwi kama tikiti! Weka simu chini!"

Bibi harusi alikata simu, akajiona mwongo na mpweke. Alikwishajua atakachoambiwa. Mama mkwe atasimama mbele ya tangi tupu, atameza mate, atasema si kitu, mama, usijali. Na baada ya hapo hatakabidhiwa kitu kingine tena, na neno hilo "si kitu" litamfuata mpaka aote mvi.

*

Alichokigundua, alikigundua kwa mkono. Alipoinua chupa asubuhi ile aliiona nyepesi. Ilikuwa mpya siku mama mkwe alipoondoka, na yeye alijua alichotumia. Fundi wa mapazia anajua kitambaa kimepungua kiasi gani bila kukipima.

Alisubiri wote wakae mezani kwa chakula cha jioni, akaiweka chupa katikati, kando ya chumvi.

"Jamani, hii chupa nani anainywa?"

Mita alivua miwani, akaanza kuifuta kwa shati. Aliifuta sana.

"Baba?"

"Niliweka kidogo tu," Mita alisema. "Kifuniko kimoja. Ukishaenda kazini."

"Kila siku?"

"Mwanangu, nilikuona unaondoka mbiombio, nikasema huyu pengine kasahau. Sasa asahau, halafu mama yenu arudi! Nikaona nikusitiri."

Barafu aliacha kutafuna. Alimtazama baba yake, akamtazama mkewe, shavu moja limevimba chakula.

"Na wewe unaganda nini?" mkewe alimuuliza.

"Mimi naweka jioni," Barafu alisema.

"Unaweka nini jioni?"

"Kifuniko. Mama alinipigia kazini, akaniambia nisikuachie mzigo peke yako, eti nikusaidie. Nikakusaidia."

 Mita alivaa miwani yake tena.

"Na mbolea?" Mita aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi Jumatatu," alisema bibi harusi.

"Mimi pia Jumatatu," alisema Barafu.

"Mimi nilichanganya siku," alisema Mita, "kwa hiyo Jumanne nikarudia."

Bibi harusi alishika kichwa. Alitaka kulia, lakini alipowaona wanaume wale wawili wameinamisha vichwa mbele ya chupa kama watoto waliokutwa kwenye sukari, kicheko kilimtoka. Kumbe walikuwa wanampenda. Walikuwa wamempenda kwa siri, kila mmoja kwa kifuniko chake, mpaka wakaua samaki.

*

Walifanya kilichowezekana. Waliacha kuweka dawa zote. Walijaza kila ndoo na kila sufuria maji ya bomba, wakayaacha yalale mpaka harufu ya dawa ya bomba iishe, kisha wakatoa maji machafu ya tangi na kutia hayo, nusu leo, nusu kesho. Koridoni mtu alipita kwa kuruka ndoo. Barafu alileta pampu ya hewa kutoka kwa rafiki yake. Mita, aliyejua maji kuliko wote lakini kwa kuyasoma tu, alisimamia kazi kwa kupaza sauti, "Jaza! Tosha! Acha!" Samaki wawili wengine walikufa. Waliobaki walishuka chini, wakaanza kuogelea kama samaki. Bwana Afya, baada ya kulala chini ya gogo kwa muda wa kutia wasiwasi, alitoka na kuendelea na ukaguzi. Utepe haukurudi. Bibi harusi aliutoa kwa mikono ukiwa kama uji, akabakiza kimzizi kimoja chenye jani fupi, akakichomeka kwenye changarawe bila matumaini makubwa.

"Tununue mwingine," Barafu alisema. "Na samaki. Hajui idadi yao."

"Anawajua kwa sura," Mita alisema, lakini hakupinga.

Basi Jumamosi mume na mke walikwenda duka la samaki wa mapambo. Muuzaji, mtu mnene mwenye taulo shingoni, alisikiliza kisa kizima, akawaita wenzake waje wakisikie.

"Mara tatu kwa siku?" alisema. "Na mwanga hamna? Nyinyi hamkuwalisha, mliwapikia supu!" Wenzake walicheka. Mteja mmoja aliyebeba mtoto alicheka pia, na mtoto akacheka kwa kuwa mama yake amecheka. Bibi harusi alitazama bei zilizobandikwa kwenye kioo, masikio yakimchoma.

Utepe ulikuwepo, umefungwa kwa mpira kama mboga za sokoni. Mikia myekundu ilikuwa tele. Hata kambare walikuwepo.

"Kwa nini kambare?" aliuliza bibi harusi. "Bwana Afya mzima."

"Kwa tahadhari. Akifa je, kabla mama hajafika?"

"Bwana Afya ana pezi lililochanika."

Barafu alifikiri. "Tunaweza kulikata kidogo."

"Utamkata samaki pezi?"

"Kidogo tu. Kwa mkasi wako ule mdogo."

Bibi harusi alimtazama mumewe, fundi mzuri, mtu wa watu, amesimama katikati ya duka akipanga kumshonea samaki uongo mwilini. Akaona jinsi itakavyokuwa. Mama mkwe atasema asante sana, mama, Mungu akubariki, na yeye atakuwa mgeni vilevile, ila sasa mgeni mwenye siri. Akarudisha Utepe ndani ya maji.

"Nipe simu yako, yangu haina salio," alisema, akatoka nje.

Alisema yote akiwa amesimama kando ya barabara, bila kupumzika, ili asibadili nia: weupe wa maji, Utepe, samaki waliokufa, uongo wa kila jioni. 

"Si kitu, mama," alisema mama mkwe kwa upole. "Usijali. Vitu vya maji tu hivyo. Nipe Barafu."

Barafu alipokea simu, akaiweka sikioni, akaiondoa haraka. Wapita njia waligeuka. "Gunia wewe!" simu ilisema. "Nikikuambia msaidie mwenzako maana yake uoshe vyombo! Nani alikutuma kushika chupa? Tangu lini wewe unashika chupa? Hata friji za watu nashangaa zinapoa!"

Bibi harusi alisimama pembeni na kusikiliza kila neno. Maneno yale yalikuwa yake kwa haki, na yalikuwa yanakwenda kwa mtu mwingine. Alimwonea mumewe wivu.

*

Mama mkwe alirudi mchana mmoja, na gauni la safari na harufu ya poda ya mtoto. Alisalimia wote, akapiga hatua mpaka kwenye tangi kabla ya kukaa. Watu watatu walijipanga nyuma yake.

Maji yalikuwa safi. Samaki waliobaki walicheza. Lakini nyuma ya gogo palikuwa wazi kama ukuta uliotolewa kabati, na kwenye kingo za majani mapana mwani mweusi ulikuwa umeota kama ndevu, kwa ile mbolea iliyozidi.

Mama mkwe alimeza mate. "Si kitu, mama," alisema. "Umejitahidi."

Ndivyo ilivyokuwa, basi. Bibi harusi aliinamisha kichwa na kusema asante.

"Huo mwani nao kaboni kidogo itautoa," aliendelea mama mkwe, akaingia jikoni. Alisikika akihamisha vitu dirishani na kunung'unika. Alirudi mikono mitupu, akachukua chupa ya lebo nyeupe, akaifungua, akakishika kifuniko chake na kuinamisha chupa.

Bibi harusi alikiona kifuniko. Alimwona Bwana Afya palepale chini yake.

"Mama, acha!" alipiga kelele, akaipokonya chupa.

Dawa ilimwagika sakafuni na kwenye gauni la safari. Mita alishika kifua. Hakuna mtu aliyewahi kumpokonya mama mkwe kitu tangu nyumba ile ijengwe.

"Umeninyang'anya," mama mkwe alisema polepole.

"Hicho ndicho kilichowaua!" Sauti ya bibi harusi ilikuwa imepanda, na heshima yote ilikuwa imebaki chini. "Ulisema kifuniko kimoja, nikaweka kifuniko kimoja, na hawa wawili nao wakaweka..."

"Kifuniko gani?"

"Hicho hapo!"

Mama mkwe alikitazama kifuniko alichokishika. Mtu angeweza kukinywea kahawa. "Hiki kikombe? Hiki? Mimi nilitaka kutia tone hapa chini kwa sababu changu hakionekani! Kifuniko ni kile cha dawa ya kikohozi, kile kidogo cha kahawia, kinakaa dirishani jikoni miaka yote! Kila mtu humu ndani anakijua!"

"Mimi sikijui!"

"Hukijui kwa nini?"

"Kwa sababu hukuniambia! Mimi huniambii chochote, mama! Unaniambia si kitu, si kitu tu!"

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.  Mama mkwe alimtazama msichana yule aliyekumbatia chupa, mikono imelowa, kama anayemwona akiingia mlangoni kwa mara ya kwanza.

Mita alikohoa. "Hicho cha kahawia," aliuliza, "kilikuwa na ufa hivi pembeni?"

"Mita!"

"Nilikuwa nasafisha, mama."

Hapo ndipo mvua ilipoishukia nyumba. Ilianza na Mita na usafi wake wa kuharibu, ikapita kwa Barafu na msaada wake, na Barafu akaganda kama kawaida. Kisha mama mkwe akageuka.

"Na wewe!"

Bibi harusi aliacha kupumua.

"Na wewe! Fundi mzima, unapima mapazia ya watu nusu ya kidole isizidi, halafu unamwaga kikombe kizima juu ya samaki wadogo namna hii! Huna macho? Si ungeuliza! Mdomo umeuweka wapi, umeushonea kwenye pindo la pazia? Utepe huo niliuotesha ukiwa jani moja! Na gauni langu, gauni la safari, sijakaa hata kwenye kiti..."

"Mama, taratibu," Barafu alisema. "Bibi harusi hajazoea..."

"Bibi harusi yupi? Harusi iliisha zamani! Huyu anaitwa Kifuniko. Wewe Kifuniko, unanitazama nini? Weka hiyo chupa chini, dawa hiyo inaunguza ngozi! Nawa mikono, vaa glavu, kalete kitambaa ufute sakafu! Na hicho kimzizi umekichomeka nani kakufundisha, umekizika mpaka shingoni, kitaoza! Kesho nakuonyesha, na utaniambia nilivyosema, neno kwa neno!"

"Naam, mama," alisema Kifuniko, akakimbilia jikoni.

Alinawa mikono, akavaa glavu. Sauti ilimfuata mpaka kwenye sinki: kitambaa cha kijani, si cheupe, cheupe ni cha vyombo, mtu anakaa nyumbani mwaka mzima hata vitambaa havijui! Cha kijani kilikuwa kimening'inia mbele ya pua yake, na alikwishakiona. Lakini alikawia pale kidogo, akicheka na kulia, apate kusikia zaidi.